AI isome kurasa za timu bila kugusa: Notion, GitHub au Drive?

ZamuYaUsiku
Wakuu, habari za kazi. Sisi ni watu tisa, na kila tunachokijua kipo Notion, programu ya kuandikia na kutunza kurasa za timu: seva ikilala inaamshwaje, mteja akilalamika anajibiwaje. Tunataka AI ikisome ili anayeanza kazi apate pa kuuliza, ila isibadilishe kitu. Google Drive nimeijaribu siku moja nikaiacha, nyaraka zetu zimetapakaa mno. Zimebaki mbili. Notion: unatengeneza muunganisho (njia ya AI kuingilia Notion), unaupa ruhusa ya kusoma peke yake, unauonyesha kurasa unazotaka. GitHub: unahamishia kurasa kwenye repo (hifadhi ya faili ya mtandaoni) kama faili za markdown, yaani maandishi ya kawaida, unatoa tokeni (ufunguo wa siri) ya kusoma repo hiyo tu, yenye tarehe ya kuisha. Mimi naegemea Notion, sitaki nakala mbili. Mnasemaje?

KisimaChaData
Mkuu, kuwa makini. Notion ukiufungulia muunganisho ukurasa wa juu, zote zilizo chini yake nazo zimefunguka. Ofisi niliyokuwepo zamani, kwa chombo kingine, tuliifungulia AI kurasa za kukaribisha wafanyakazi wapya. Ngazi ya tatu chini kulikuwa na jedwali la mishahara, limesahaulika. Binti wa mafunzo kazini akauliza posho ya nauli, akaletewa mishahara ya watu wanne kwa majina. Alikuja mezani kwangu kompyuta kaifunga, anaongea kwa kunong'ona. Hakuna herufi hata moja iliyobadilishwa siku ile. Kusoma tu kunazuia uharibifu, ila hakuzuii siri kuvuja.

Bi_Markdown
Ndiyo maana mimi ni wa GitHub. Kwetu faili haliingii mpaka mwenzio alipitie, kwa hiyo kila ukurasa AI inaousoma kuna mtu aliuruhusu. Nakala kuchakaa ni kero ya kweli, siwezi kukuficha. Sisi tunazipitia kila Ijumaa. Halafu usichanganye muunganisho wa Notion uliousema na seva ya MCP ya Notion, njia nyingine ya kuiunganisha na AI: ile unaingia kwa akaunti yako, inabeba haki zako zote, na kuandika kumo.

MlinziWaLango
Naongeza la barua pepe za wateja. Kama mnazibandika kwenye kurasa hizo, mtu wa nje anaweza kuficha humo maagizo, na AI ikayafuata ikidhani yametoka kwenu. Ikiwa inaweza pia kufungua viungo vya intaneti, basi ina mlango wa kutolea mlichonacho. Ifungieni intaneti, na barua za wateja zikae mbali nayo.

ZamuYaUsiku
Ahsanteni sana, nimebadili mawazo. Kurasa za seva zinakwenda GitHub, nyingine zisubiri. Nimetoka kutafuta neno "password" huko Notion: kurasa saba, na moja ina nywila ya hifadhidata tunayoitumia hadi leo. Kesho asubuhi naanza na hiyo, tokeni baadaye.