Mwanga wa gama wa gesi moto inayozunguka galaksi: mbona hesabu inatoka kubwa mno?

protoni_pweke
Wakuu, naomba jicho lenu. Nakadiria mwanga wa gama unaotokea protoni za miale ya kosmiki zinapogonga gesi moto ya halo (tufe kubwa la gesi nyembamba linaloizunguka diski ya nyota), kwa galaksi kama Njia Nyeupe. Nimeweka supanova 2 kila miaka 100, kila moja erg 10⁵¹ (erg ni kipimo cha nishati), na asilimia 10 iende kwenye protoni: inakuja kama 6×10⁴⁰ erg kwa sekunde. Theluthi inakwenda kwenye pioni zisizo na chaji (chembe zinazovunjika mara moja kuwa gama), basi gama ni 2×10⁴⁰. Shida ni kwamba galaksi yetu nzima inatoa kama 8×10³⁸ tu kati ya GeV 0.1 na 100 (GeV ni kipimo cha nishati ya chembe; GeV 1 ni MeV 1000, TeV 1 ni GeV 1000). Halo inaishindaje diski mara 25? Gesi nimeiweka protoni 10⁻⁴ kwa sentimita ya ujazo, nusu kipenyo kiloparseki 200.

GesiMoto
Mkuu, umechukulia kila protoni inamaliza nishati yake humo humo. Haimalizi. Piga kwanza muda wa kupoteza nishati:

t = 1/(0.5 × n × σ × c)

n ni idadi ya protoni za gesi kwa sentimita ya ujazo, c ni kasi ya mwanga, σ (ukubwa wa shabaha ya kila mgongano) ni takriban 3×10⁻²⁶ cm², na 0.5 ni sehemu ya nishati inayokwenda kwa kila mgongano. Ukiweka n = 1 unapata miaka milioni 70 hivi. Ukiweka 10⁻⁴ yako, ni miaka bilioni 700, na ulimwengu wenyewe una 13.8! Protoni iliyofungiwa humo miaka bilioni 10 inapoteza asilimia 1.4 tu.

Kwa hiyo jumlisha akiba badala ya mapato: 6×10⁴⁰ × sekunde 3×10¹⁷ ni karibu erg 2×10⁵⁸. Gawa kwa t (sekunde 2.2×10¹⁹), gawa tena kwa 3. Inabaki 3×10³⁸, yaani chini ya diski. Hapo hakuna hata protoni moja iliyotoroka.

wigo_mpana
Na zinatoroka. Muda wa kusambaa ni R²/6D, R ikiwa umbali na D kipimo cha wepesi wa protoni kusambaa. Kwa R ya kiloparseki 100 na D ya 3×10²⁸ cm²/s, ile inayotumika sana kwa diski, unapata miaka bilioni 17, kwa hiyo karibu zote zimebaki. Weka D = 10³⁰ na inashuka hadi bilioni 0.5. Jibu lako lote linaning'inia kwenye D, na hakuna anayeijua vizuri nje ya diski. Usitoe namba moja; chora mstari wa mwanga dhidi ya D.

Mengine yanayoharibu hesabu hizi:

Ukisoma msongamano kwenye data za eksirei, ule ni wa elektroni. Gawa kwa 1.2 upate hidrojeni, kisha heli na viini vizito uviweke kwa kuzidisha 1.5 hadi 1.8 mwishoni. Wengi hutumia idadi ya chembe zote, elektroni zikiwemo, na mwanga unaongezeka maradufu bure.

Protoni zenye nishati ya mwendo chini ya MeV 280 hazizai pioni kabisa, ila zimo kwenye ile 6×10⁴⁰ yako.

Mteremko wa wigo pia, yaani jinsi protoni zinavyopungua nishati ikipanda. Ule wa 2.7 tunaoupima hapa ni kwa sababu protoni zenye nishati kubwa hukimbia diski mapema. Halo ikizishika zote, wigo unarudi ule wa chanzoni, 2.2 hadi 2.4. Ukibaki na 2.7 unajinyima fotoni za juu ya GeV 10.

protoni_pweke
Nimewaelewa, asanteni. Sasa kwa 3×10³⁸ hiyo, Fermi, ile darubini ya gama iliyo angani, inaweza kuiona halo ya Andromeda, galaksi jirani yetu?

GesiMoto
Peke yake, sioni. Kwa umbali wa kiloparseki 780 ni 4×10⁻¹² erg/cm²/s, tena imetandazwa kwenye duara la nusu kipenyo karibu nyuzi 15. Mandharinyuma ya gama ya anga lote ndani ya duara hilo ni kama 8×10⁻¹⁰, kwa hiyo unatafuta nusu ya asilimia moja. Bado hujaweka gesi ya galaksi yetu iliyo mbele yake, ambayo ramani zake zina makosa makubwa kuliko hapo. Ndiyo maana ule mwanga wa ziada uliotangazwa 2019 kuelekea halo ya nje ya Andromeda unabishaniwa mpaka leo. Kilichothibitishwa 2017 ni eneo la nyuzi 0.4, kiloparseki 5 hivi za katikati.

wigo_mpana
Ukiona ziada, jiulize pia kama si elektroni. Ya TeV 1 huipandisha fotoni ya mnururisho wa mandharinyuma ya ulimwengu hadi GeV 3 hivi, ila humaliza nishati yake ndani ya miaka milioni moja tu. Kwa kiloparseki 100 lazima iwe imezaliwa huko huko.

Na ukichambua data, anza GeV 1 kwenda juu. Kwenye MeV 100 kila chanzo kinatapakaa nyuzi 5 hivi. Ukivifunika vyote, duara lako linabaki tupu.