Ushauri: Kuna namna mayai ya kuku yakatotolewa chini ya siku 21? Nimebakiza siku 17

Kijana wa Waya (mleta uzi)
Wakuu, habari za muda huu. Niende moja kwa moja. Nipo mwaka wa mwisho, diploma ya uhandisi wa umeme, chuo nisikitaje. Projekti yangu ni mashine ya kutotolea mayai inayotumia umeme wa jua, inabeba mayai 60. Boksi la plaiwudi, balbu mbili za wati 40, feni niliyong'oa kwenye kompyuta mbovu, sensa ya joto na unyevu (DHT22), relei ya kuwasha na kuzima, kibodi kidogo cha Arduino cha kuongoza yote, na mota ya kugeuza trei. Inafanya kazi vizuri kabisa.

Swali langu dogo tu: kuna mtu humu amewahi kupata vifaranga kabla ya siku 21? Nimesikia ukipandisha joto kidogo wanawahi. Prezentesheni ni tarehe 19, leo tarehe 2. Kejeli hapana tafadhali, nimevurugwa vya kutosha.

Bwana Mifugo
Dogo, siku 21 ni siku 21. Joto ni 37.5 mpaka 37.8, basi. Ukilipeleka 39 unaweza kuona wachache wamewahi kidogo, lakini watatoka na vitovu vibichi na miguu imepinda. Likigota 40 na ushee kwa saa kadhaa, hapo hutotolei tena, unachemsha. Baridi ya muda mfupi yai linaivumilia, joto la kuzidi halilivumilii. Na unyevu usiusahau: asilimia 50 hadi 55 mpaka siku ya 18, kisha unaacha kugeuza na unaongeza maji ufike 65 au 70. Kifaranga hana habari na ratiba ya chuo chenu.

Nusu Mkate
Waambie hao mayai kwamba kuna sapu, mtihani wa marudio. Watatoka wenyewe.

Mama Vifaranga
Mwanangu, mimi hapa Kibamba nina mtetea wa kienyeji, mwezi uliopita ameatamia mayai 14 ameangua 13. Hana sensa, hana relei, hajui hata LUKU, umeme wa kulipia kabla, ni nini. Mwaka juzi mume wangu alininunulia mashine ya mayai 100, mara ya kwanza wakatoka 31, mara ya pili panya wakala waya. Sasa hivi naiwekea unga. Nyie watoto wa vyuo hebu tutengenezeeni kitu cha kuzuia mwewe, huko ndiko tunakolia.

Fundi Gredi A
Subirini kidogo. Kijana wa Waya, projekti ya mwaka wa mwisho inaanza semista ya kwanza. Unasema mashine imekamilika na inafanya kazi vizuri kabisa. Umejuaje? Kwa nini mayai yanaingia leo? Ya kwanza yako wapi?

Kijana wa Waya
Mkuu, hilo halihusiani sana na swali. Niliingiza, ikatokea changamoto. Je, 38.5 itakuwa na madhara?

Fundi Gredi A
Mangapi hayakutoka?

Kijana wa Waya
Hayakutoka.

Fundi Gredi A
Nimeuliza mangapi.

Kijana wa Waya
Yote 60. Yalikuwa siku ya 12. Nilienda msibani Korogwe Ijumaa, LUKU ikaisha usiku huohuo, nikarudi Jumapili jioni. Nimeyapima kwa tochi moja moja gizani: weusi umesimama tu, mishipa hamna. Harufu nisiwasimulie.

Ila tatizo kubwa si mayai. Sura ya nne ya ripoti nilikuwa nimeshaiandika mapema ili kuokoa muda. Niliandika wametoka 52 kati ya 60, asilimia 86.7, na grafu nimechora. Supavaiza ameipenda sana. Akasema niingize awamu ya pili, nipige hesabu watoke siku ya prezentesheni, wajumbe wa paneli washuhudie. Nikamjibu nimeshaingiza.

Nusu Mkate
Nimevuta kiti, nimeagiza na kahawa.

Mzee wa Kigamboni
Ndio hawa kesho wanapewa kufunga umeme wa hospitali. Anaandika majibu kabla ya jaribio! Enzi zetu tulikuwa tunachora sakiti kwa mkono kwenye karatasi ya nta, mwalimu akiona umefuta kwa wembe anakurudishia yote. Mwaka wangu tulianza 34, tukamaliza 19. Wengine waliondoka wanalia, lakini leo ukiniuliza transfoma nakujibu nikiwa usingizini. Vijana hamtaki kuumia.

Kijana wa Waya
Mzee wangu, shikamoo. Naheshimu, ila kila mtu hapa anafanya hivyo, kuna wenzangu hata mashine hawajatengeneza, wamenunua. Yangu nimeunga waya kwa mikono yangu. Na hiyo 52 sikuitoa hewani, nilisoma kwamba mashine nzuri inafikisha asilimia 80 na zaidi. Nilikadiria tu.

Halafu mpango mbadala upo. Nimeshatoa advansi ya elfu 40 kwa vifaranga 50 vya siku moja. Tarehe 19 alfajiri naviweka ndani pamoja na maganda. Maganda nimeshaanza kukusanya kwa muuza chipsi wa hapa jirani. Kama 21 haipungui, naomba tu mnisaidie kuuboresha huu.

Nusu Mkate
MAGANDA YA CHIPSI MAYAI. Nimemwaga kahawa.

Bwana Mifugo
Dogo, nakujibu kwa sababu umenichekesha, si kwamba nakuunga mkono. Yai la chipsi limepigwa kwenye ukingo wa bakuli, linapasuka katikati ovyo. Kifaranga analikata yai kwa kuzunguka upande ule butu wenye hewa, kama mtu anayefungua kopo, na ndani utando unabaki na alama za mishipa ya damu. Pia aliyetoka sasa hivi ameloa, anayumba, amechoka. Wako watakuwa wamekauka, manyoya yamevimba, wanapiga kelele za njaa. Mjumbe mmoja tu aliyewahi kufuga, umekwisha.

Msee wa Nakuru
Salamu kutoka Kenya. Kijana, jaribu kware! Mayai ya kware huanguliwa kwa siku 17 au 18, na hizo siku unazo. Mimi najua kware vizuri kuliko ninavyotaka. Ile 2014 kila mtu huku aliambiwa mayai yao ni dawa ya kila kitu, nikakata leseni ya KWS, shirika la wanyamapori la huku, nikaacha hata mahindi, nikawa na ndege 400. Ndani ya miezi michache hakuna aliyetaka hata kuonja. Tulikula kware asubuhi, mchana na jioni, mpaka mtoto wangu wa pili akisikia jina hilo anatoka nje. Lakini kutotoa wanatotoa vizuri sana.

Kijana wa Waya
Kware! Mkuu Mungu akubariki. Wapi Dar naweza kupata mayai yao kesho? Yenye mbegu lakini.

Fundi Gredi A
Trei yako umetengeneza ya mayai ya kuku, kware watadondokea kwenye maji. Na ripoti inasema kuku. Tulia kwanza.

Mama Vifaranga
Mimi naona mnamchanganya mtoto. Yule mtetea wangu mwekundu leo ni siku ya nne tangu aatamie, yapo 12 chini yake. Nne na kumi na saba ni ngapi? Aje ayachukue kwenye boksi la taulo asubuhi, safari yenyewe saa moja, hayafi. Kuku nitamwekea mengine, hajui kuhesabu.

Mpima Chai
Wakuu mnamwaga ushauri kama mvua ya masika, hebu rudini kwenye posti ya kwanza. Amesema mashine "inayotumia umeme wa jua". Sawa? Sasa mayai yamekufa kwa sababu LUKU imeisha. Siku mbili nzima Dar, paneli ilikuwa inaota jua tu kama mtalii? Na chuo gani kinampa mwanafunzi mita yake? Mwaka jana alikuja mwingine na kaushio la samaki, mwandiko huuhuu, mwisho akaomba nauli. Hii ni chai, na haina hata tangawizi.

Nusu Mkate
Dah. Kweli! Na mimi kahawa yangu nimeshalipia.

Mzee wa Kigamboni
Nilijua. Mtu mkweli haanzi na "swali dogo".

Msee wa Nakuru
Kwa hivyo nimefungua kidonda changu cha kware bure?

Fundi Gredi A
Ni rahisi kumjua. Balbu mbili ni wati 80. Boksi likishapata joto zinawaka kama nusu ya muda, kwa hiyo wastani wati 40. Saa 24 hiyo ni karibu yuniti moja kwa siku. Usiku wa saa 13 unakula wati-saa 520. Betri ya kawaida ya volti 12 na ampea-saa 100 ina 1,200, lakini ya asidi ukiishusha chini ya nusu unaiua, kwa hiyo una 600 za kutumia, umeponea chupuchupu. Paneli isiwe chini ya wati 250. Aliyeijenga hii hesabu ipo kichwani kwake. Dogo, betri yako ni ya ukubwa gani? Jibu hilo tu.

Nusu Mkate
Saa tatu sasa. Kimya. Kaingia mtini.

Kijana wa Waya
Nipo. Nilikuwa nafikiria niandike au nifute uzi.

Hakuna betri. Na paneli hamna. Zipo kwenye mchoro. Sikai hosteli, nimepanga chumba, mita ni ya wapangaji wanne. Projekti ni ya watu wawili, kila mmoja alitoa laki mbili na elfu 80, nikakabidhiwa mimi kwa sababu ndiye ninayejua Kariakoo. Boksi na vifaa vilikula kama laki na nusu. Iliyobaki nilimalizia ada, bila hivyo nisingepata namba ya mtihani. Nilitegemea kuirudisha nikipata kibarua cha waya mtaani, kibarua hakikuja. Mwenzangu namwambia betri ipo kwa fundi inachajiwa.

Nauli sijaomba na siombi.

Mpima Chai
Inachajiwa tangu lini?

Kijana wa Waya
Mwezi wa tatu.

Mpima Chai
Nafuta neno chai. Mtu hawezi kutunga betri inayochajiwa miezi mitatu.

Mama Vifaranga
Mwanangu, wazazi wanajua habari ya ada?

Kijana wa Waya
Mama anajua nimemaliza kulipa. Hajui kwa nini.

Fundi Gredi A
Nimekaa kwenye paneli za hivi kama mtu wa nje, miaka minne sasa. Sikiliza. Hakuna anayekupima kwa idadi ya kuku, wewe si wa mifugo. Tunaangalia kama mashine inashika joto, na ikishindwa unajua kwa nini. Leo usiku washa boksi hata likiwa tupu, andika joto kila dakika 10 kwa siku 10, pamoja na muda umeme ulipokatika na boksi lilipoa kwa kasi gani. Hiyo ndiyo sura ya nne. Yale 60 yaliyokufa yaandike: ndiyo sababu yenyewe ya kuhitaji betri, hesabu nimekupa hapo juu. Mayai ya Mama Vifaranga chukua, lakini ripoti iseme yaliingia siku ya nne. Hata yasipotoka, zima taa mbele ya wajumbe uwapimie kwa tochi, waone mtoto anacheza ndani.

Ila kabla ya yote hayo, mwenzako. Leo.

Kijana wa Waya
Nimekuelewa mkuu. Ila nikimwambia leo ataenda kwa supavaiza kesho, na kichwa cha habari kilishapitishwa na idara kikiwa na "umeme wa jua". Naona bora nianze na mayai, nikiwa na kitu mkononi ndio nimwambie. Na zile 52 nikizishusha ziwe kama 40 hivi?

Fundi Gredi A
Zishushe mpaka sifuri, ndiyo uliyopata.

Kijana wa Waya
Sawa. Mama Vifaranga, Kibamba nishukie kituo gani? Na nikiyaweka kwenye 38 kamili, kwa usalama tu?

Bwana Mifugo
37.5.

Mama Vifaranga
Shukia Kibamba Shule, ukifika niandikie humuhumu nitamtuma mtu. Uje na huyo mwenzako, mayai 12 yanataka mikono miwili ya kushika na mingine ya kufungua mlango wa daladala.

Mzee wa Kigamboni
Wale vifaranga 50 ulivyotolea advansi, kama huvichukui, nina banda tupu. Ni wa nyama au wa mayai?