Kwa nini wakazi wa Beni na Butembo waliikasirikia serikali wakati wa Ebola?

Swali, kutoka Mwanza

Habari zenu, ndugu. Ninasoma afya ya jamii, na ninafuatilia mlipuko wa Ebola uliotangazwa Kivu Kaskazini, mkoa wa mashariki mwa Kongo (DRC), tarehe 1 Agosti 2018. Ulipotangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 kati yao wamefariki, ingawa safari hii chanjo ilikuwapo na watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Kinachonisumbua ni hasira ya raia: vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019, na mwezi Aprili Dkt. Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, akauawa Butembo. Wengi huku kwetu husema ulikuwa ujinga tu, nami siridhiki na jibu hilo. Naomba wenyeji watueleze raia walikuwa wakiidai serikali nini.

Jibu, kutoka Butembo

Ndugu, asante kwa kuuliza kabla ya kuhukumu. Hutaielewa hasira ile ukianza kuhesabu Agosti 2018. Tangu Oktoba 2014 raia wa Beni na vijiji vyake walikuwa wakiuawa kwa mapanga, wakiililia Kinshasa iwape ulinzi, na wakizika watu wao bila kuona msafara wowote wa kuwaokoa. Ebola ilipoingia, magari, fedha na wageni vilifika upesi, na baadaye wahudumu wa Riposte, yaani kikosi cha kupambana na Ebola, wakaanza kuingia mitaani wakisindikizwa na askari. Watu walijiuliza ni kifo gani kinachoiamsha serikali na ni kipi kisichoiamsha.

Kisha, tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi, tume ya uchaguzi iliahirisha upigaji kura Beni na Butembo hadi Machi kwa sababu ya Ebola na usalama, ilhali rais mpya alitarajiwa kuapishwa Januari. Masoko na makanisa yalikuwa wazi. Ni masanduku ya kura tu yaliyoonekana kuambukiza. Kesho yake waandamanaji walivamia kituo cha wagonjwa mjini Beni. Lakini tarehe 30 wakazi wa Beni walijifanyia uchaguzi wao wenyewe, na wapiga kura walinawa mikono kwanza. Watu hao walijua hatari ya ugonjwa. Walichokataa ni kunyang'anywa kura kwa jina lake.

Jibu, muuguzi, Goma

Namuunga mkono mwenzangu kuhusu uchaguzi, ila hasira haikuwa na haki katika kila jambo. Baadhi ya wanasiasa walieneza kwamba Ebola ililetwa ili kuwamaliza watu wa Beni, na waliolipia maneno hayo ni wauguzi wenyeji, majirani zetu, waliotishwa na kupigwa. Utafiti uliofanyika Beni na Butembo Septemba 2018 kwa watu wazima 961 ulionyesha kwamba robo yao hawakuamini kuwa Ebola ipo, na kwamba chini ya theluthi moja waliamini viongozi wa eneo wanawatetea. Nadhani takwimu ya pili ndiyo inayoieleza ile ya kwanza. Palipokuwa na vyumba vyenye kuta angavu, ambamo ndugu walimwona mgonjwa wao na kuzungumza naye, na palipokuwa na waliopona wakiwatunza watoto wa wagonjwa, imani ilirudi kidogo kidogo.

Jibu, mama wa Beni

Wanangu, msisahau surua. Mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020 iliua zaidi ya watu 6,000 nchini Kongo, wengi wao watoto, na hatukuona hata sehemu ya pilikapilika ile. Waziri wa Afya Oly Ilunga alijiuzulu Julai 2019, Rais Tshisekedi alipomkabidhi Profesa Muyembe, mtaalamu wa virusi, uongozi wa mapambano. Machi 2020 mahakama ilimhukumu Ilunga kifungo cha miaka 5 kwa ubadhirifu wa fedha za Ebola, ingawa aliyakana mashtaka. Na Septemba 2021 tume huru ilithibitisha jambo ambalo wanawake wetu walikuwa wakilisema kwa uchungu: wanaume wa Riposte, wakiwamo waajiriwa wa Shirika la Afya Duniani, waliwadai ngono ili wawape kazi. Ndugu wa Mwanza, unapoandika kuhusu hasira yetu, waandike na wanawake hao.