Leonotis nepetifolia inalala chini, maua machache

Mbezi_Juu: Wadau, nina mstari wa Leonotis nepetifolia kando ya ukuta, ile ya shina la pembe nne na maua ya chungwa yanayolizunguka kama mipira. Nataka ndege chozi na nyuki. Imefika mita mbili na nusu, majani tele, lakini kila shina lina mipira miwili tu, na mvua ya juzi imelaza nusu yake. Kila shimo lina ndoo ya samadi ya kuku. Nakosea wapi?

Kitalu: Mkuu, ndoo nzima! Naitrojeni ya samadi ikizidi, mmea hukimbilia majani na shina hurefuka likiwa laini. Huu umezoea kandokando ya barabara na mashamba yaliyoachwa, kwa hiyo udongo wa kichanga wa Dar unautosha; ukiona huruma, weka kopo la mboji.

Msimu ujao sia kwenye viriba mwanzoni mwa masika, mbegu ifunikwe nusu sentimita tu. Maji yakituama, miche huoza shingoni. Hamisha ikiwa na majani manne hadi sita, ukiacha sentimita 50 kati ya mche na mche. Ikifika sentimita 30, kata ncha juu kidogo ya jozi ya majani: kila kwapa la jani litatoa tawi, na kila tawi mipira yake. Ukingoja mpira wa kwanza utokeze, umeshachelewa.

Tegeta_A: Na huo ukuta! Ukikinga jua nusu siku, mashina yatainamia upande wenye mwanga hata bila samadi. Sogeza mstari mita moja na nusu kutoka ukutani.

Mbezi_Juu: Iliyolala ning'oe?

Kitalu: Kama mizizi haijachomoka, punguza theluthi ya urefu, inua taratibu, funga kwenye mti uliochomekwa kando yake kwa kamba ya katani, fundo lisibane.

Chozi_Mwekundu: Mipira huchanua kuanzia chini kwenda juu, kwa hiyo usikate shina kwa kuona wa chini umekauka, chozi bado wana kazi huko juu. Vidukari vikiingia, tumia maji ya sabuni jioni, si dawa ya wadudu.

Ukishika mipira iliyokauka vaa glavu, ina miiba kwelikweli. Kila ua hubeba mbegu hadi nne, na ukitikisa tu zinamwagika. Achia ndege mipira michache, mingine ikate mapema uifungie kwenye mfuko wa karatasi. Florida na Australia wanauhesabu mmea huu gugu, na jirani yako mwenye bustani ya mchicha atakubaliana nao.