Sisimizi maji moto kwenye mikorosho na miembe: tuwaache au tuwachome?

Mkulima wa Masasi:
Ndugu wakulima, salaam. Shamba langu lina mikorosho iliyochanganyika na miembe, na kikundi chetu kimeamua kuachana na viuatilifu vya viwandani ili tuingie katika soko la kilimo hai. Kinachonisumbua ni mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza machipukizi: machipukizi hutokea madoa meusi, kisha hukauka kuanzia nchani kana kwamba yamebabuliwa. Miti yenye viota vya maji moto, wale sisimizi wakali wanaoshona majani kuwa viota, ina nafuu, lakini vibarua wanagoma kuisogelea na wanataka viota vichomwe. Naomba ushauri.

Mzee wa Newala:
Usichome hata kimoja. Maji moto huwawinda mbu wa mikorosho na pia mbu wa minazi, yule anayefyonza korosho changa na kuiachia madoa mpaka kwenye kiini. Pale ambapo matawi hayagusani, funga kamba kutoka mti hadi mti ili wapite, ila iwe miti ya koloni moja, kwa sababu wa koloni mbili wakikutana huuana. Kagua na chini ya shina: ukiwaona sisimizi wadogo wa kahawia wenye askari wa vichwa vikubwa, wadhibiti hao kwanza, maana ndio maadui wa maji moto na kiota utakachohamishia hapo hakitadumu. Ama vibarua, sielewi wanapanda kufuata nini, kwani korosho iliyokomaa huanguka yenyewe ikaokotwa.

Mama Embe, Lindi:
Shikamoo mzee. Kwenye korosho sina la kuongeza, lakini embe hupandiwa, na hapo malalamiko ya vibarua ni ya haki. Wajipake majivu mikononi na miguuni, na wachume asubuhi kungali na ubaridi. Adui mkubwa wa embe ni nzi wa matunda, hasa yule mgeni kutoka Asia aliyeonekana Kenya mwaka 2003. Jike hutaga chini ya ganda, funza hula nyama, embe huanguka, na funza huingia udongoni kugeuka nzi. Kwa hiyo okota zilizoanguka kila siku, uzifukie kina cha nusu mita au zaidi, au uzifunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki na kuuanika juani. Mitego ya methili yujeno, ile dawa ya harufu inayowavuta nzi, hunasa madume tu, hivyo usiitegemee peke yake. Maji moto huwatatiza nzi hao wasitage, ingawa wana kasoro yao: huwalinda vidugamba, wadudu wadogo wanaofyonza mti, kwa ajili ya majimaji matamu wanayotoa, na juu ya majimaji hayo embe huota ukungu mweusi kama masizi.

Mkulima wa Masasi:
Marahaba kwa niaba ya mzee, na asanteni nyote. Limebaki moja: jirani hupuliza dawa ya mbu wa mikorosho kwa mashine, na upepo huileta kwangu.

Mzee wa Newala:
Salfa yake ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, isikutie hofu, kwa kuwa kilimo hai kinairuhusu. Hiyo ya mbu ndiyo inayoua maji moto wako na inayoweza kukunyima cheti cha kilimo hai. Muombe apulize alfajiri upepo ukiwa umetulia, nawe utenge safu za mpakani, mavuno yake uyauze kando. Zungumza naye kabla ya Juni, mikorosho haijaanza kutoa maua.