Tupeane uzoefu: Nani amerudisha rangi ya gari kuukuu iliyopauka kwa vitu vya kusafishia nyumbani?

#1 (mwanzisha uzi)
Wakuu, nina sedani nyekundu aliyoniachia marehemu baba. Imepigwa jua miaka mingi. Boneti, rufu na mlango wa buti viligeuka waridi, ukiegemea tu unaondoka na unga mwekundu kwenye suruali. Mafundi wawili waliniambia nipige rangi upya gari zima. Sikutaka. Ile rangi mzee aliichagua mwenyewe.

Nikachukua krimu ya kusugulia masinki, ile nyeupe yenye chenga laini, nikaiweka kidogo kwenye kitambaa cha pamba kilicholowa, nikasugua kona ya chini ya mlango, sehemu ya ukubwa wa kiganja. Kitambaa kikawa chekundu papo hapo, nikajua nimeshaharibu. Nilipomwagia maji na kukausha, pale pakang'aa wekundu ambao sikuwa nimeuona tangu nikiwa shule ya msingi. Nilikaa chini nikapatazama tu.

Boneti peke yake ilikula karibu asubuhi nzima. Nilikwenda kipande kwa kipande, kivulini, bati likiwa limepoa, kwa mkono na bila kukandamiza. Kosa langu ni moja: ule mstari ulioinuka katikati ya boneti niliusugua sawa na kwingine, kijivu cha praima, ile rangi ya msingi iliyo chini, kikachungulia. Kwenye kingo rangi ni nyembamba, halafu nguvu yote ya vidole inaishia pale. Siku hizi nabandika tepu ya karatasi kwenye kingo zote kabla sijagusa kitambaa.

Leteni na za kwenu, hata zile mlizoharibu.

#2
Mimi niliharibu. Gari langu ni la rangi ya fedha, rufu ilikuwa na mabaka meupe yanayobambuka kama ngozi. Nikasikia habari ya dawa ya meno, nikasugua kutwa nzima. Kitambaa hakikushika rangi hata chembe, na mabaka yakazidi kutanuka. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba juu ya rangi kuna kliakoti, ule utando usio na rangi, na ndio uliokuwa unabanduka. Ukishafika hapo hakuna cha kusugua kitakachourudisha. Mwisho nilipiga msasa rufu nzima na kupulizia upya.

#3
Kazi yangu ni kupiga rangi magari, na hao wawili wa juu nimewapokea mara nyingi sana.

Mkuu #1, gari la mzee lina rangi ya tabaka moja, isiyo na kliakoti. Mionzi ya jua huvunja ile gundi inayoshika chembe za rangi, juu panabaki unga mkavu, lakini chini yake rangi ni nzima. Ukisugua unaondoa kile kilichokufa. Huongezi kitu, unapunguza, kwa hiyo mara ya tano si sawa na mara ya kwanza. Mkuu #2, kwako kitambaa hakikushika rangi kwa sababu hukuwa unaigusa rangi, ulikuwa unakula kliakoti, na hiyo mara nyingi haifiki hata unene wa unywele.

Kwa hiyo kitambaa cheupe na sehemu ndogo iliyojificha kwanza. Kikishika rangi ya gari, una nafasi. Kisiposhika na gari limefifia tu bila kubanduka, tumia polishi laini ya magari na uache vitu vya jikoni.

Jambo la pili ni chenga zenyewe. Krimu nyingi za sinki zina kalisi kaboneti, yaani chokaa, ambayo kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs iko 3. Baadhi ya unga wa kusugulia una mchanga wa kwatzi, ambao uko 7. Huo unachimba rangi. Soma chupa au kopo kabla ya kununua.

#4
Nilitumia waya wa kusugulia sufuria. Unga ulitoka haraka kweli, na mikwaruzo ya duara iko hadi leo, jua likiwaka unaiona ukiwa mbali.

#5
Naomba hili lisomwe na kila mtu. Nilimimina siki kwenye ndoo iliyokuwa na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, nikiamini vikiwa pamoja vitakuwa na nguvu zaidi. Kifua kilibana, macho yakachuruzika, nikakimbilia nje. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, ni sumu. Na rangi haikubadilika hata kidogo.

#6
Taa za mbele nilizisugua kwa dawa ya meno, zikawa safi. Baada ya miezi michache njano ikarudi. Plastiki yake huja na utando wa kuzuia jua, na mimi niliumaliza kwa kusugua.

#7
Mkuu #1, ile rangi imedumu? Na uliosha na nini?

#1
@7 Nilianza na sabuni ya vyombo, kwa sababu inatoa mafuta na nta yote ya zamani. Ndiyo maana kwa kuosha kila wiki siitumii tena.

Kuhusu kudumu: boneti niliipaka nta ya magari siku ileile, na hadi leo maji yakidondoka yanasimama vitone. Rufu niliiacha hivyohivyo kwa kuwa giza liliingia, nikaahirisha, nikasahau. Imeanza kupauka tena. Nitairudia kidogo sana, maana #3 amenitia hofu kuhusu unene, na nta itaingia kabla sijala chakula cha mchana.

Milango ya kushoto ni kesho. Tepu nimeshabandika.