Sura ya Babu juu ya CD

Kikundi: Familia ya Pangani

JUMAMOSI

Abuu: Assalaam alaykum nyote. Shikamooni wakubwa. Kanda zote 6 za marehemu Babu nimeshazihamishia kwenye kompyuta. Sauti imetoka safi, hata pale anapokohoa na kuagiza maji ya kunywa inasikika. Sasa nataka kuzichoma kwenye CD kabla ya hitma. Mwenye kuijua printa inayochapa juu ya CD yenyewe naomba anielekeze. Iwe na skana na fotokopi humohumo, maana picha za kuweka juu ni zile za kwenye albamu ya Bibi.

Mama: Waalaykum salaam mwanangu, marahaba. Allah akulipe. Nimemwambia Bibi. Kanyamaza kidogo, kisha kauliza, ile aliyoeleza habari za mkonge imo?

Abuu: Imo Mama. Kanda ya tatu. Tangu alipoanza kukata mkonge mpaka alipoacha.

Mama: Basi nitamwambia.

Salum: Shikamooni. Kaka Abuu, kwani tukizituma humu tu haitoshi? Au flashi?

Abuu: Humu nitazituma pia mdogo wangu, usijali. Lakini Bibi hana simu ya kusikilizia, ana ile redio yake ya CD. Na flashi ya pale nyumbani tulimwekea mawaidha, mtoto akaichukua kuwekea katuni, yakafutika yote. CD-R, ile CD ya kuandikwa mara moja tu, ukishaichoma na kuifunga, hakuna wa kuifuta.

Mama: Na macho ya Bibi hayasomi tena maandishi. CD zote kwake ni moja. Huniita niache jungu jikoni nikamsomee hii ni ipi.

Abuu: Ndiyo maana nahangaikia picha. Ya mkonge niweke ile Babu kasimama mbele ya korona, ile mashine ya kuchambua mkonge, na wenzake. Ya habari za bahari, jahazi. Ya nasaba ya ukoo, ile ya harusi yao. Akiishika tu ajue anamsikiliza Babu wa siku gani.

Mama Mdogo Salma: Hapo umeniliza mwanangu. Niko kazini huku Muscat.

Rehema: Kaka, kuna stika za duara zinachapwa kwa printa ya kawaida halafu unabandika. Si rahisi zaidi?

Kombo: Wakubwa shikamooni. Abuu, stika usiziguse, nakusihi. CD huzunguka kwa kasi, na kwenye kompyuta ni maelfu ya mizunguko kwa dakika. Stika ikikaa kando kidogo tu, CD inayumba. Halafu joto la pwani hulegeza gundi, stika inaanza kuinuka pembeni. Na ukijaribu kuibandua umeiua CD, kwa sababu data ya CD haipo chini kunakong'aa kama watu wanavyodhani. Ipo juu, chini kidogo tu ya uso wa lebo, imefunikwa kwa vanishi nyembamba. Inabanduka pamoja na stika.

Rehema: Sikulijua hilo. Nimefuta wazo langu.

Mjomba Hamisi: Marahaba mkwe. Na DVD je?

Kombo: DVD data yake imebanwa katikati ya plastiki mbili, hapo ina afadhali. Lakini kuyumba ni kulekule.

Abuu: Shemeji, nielekeze basi. Jana nimezunguka maduka ya Tanga mjini mpaka miguu ikauma. Kila duka wananipa Epson L3250, na muuzaji mmoja akaniapia kwamba inachapa CD.

Kombo: Haichapi. L3110, L3150, L3210, L3250, zote hizo ni printa nzuri za kazi za shule na ofisi, zina rangi 4, zinaskani, zinatoa kopi, lakini CD haina pa kupitia. Dukani usiulize kama inachapa CD, maana watakwambia ndiyo. Sema nionyeshe trei ya CD. Ni kipande cha plastiki chenye duara la kulaza CD, katikati kina kinundu cha kushika tundu. Kama hakipo, ondoka.

Abuu: Hiyo printa yako ya kuchapia vitambulisho ni ipi?

Kombo: L805. Rangi 6, ina Wi-Fi, inachapa CD na zile kadi za plastiki (PVC) za wanafunzi. Lakini haina skana, ni kuchapa tu. Unayoitaka wewe ni L850. Wino wa chupa ni uleule wa namba 673, rangi zilezile 6, na juu ina skana. Inatoa kopi bila kompyuta. Haina Wi-Fi, unaunga kwa waya. Dukani mpya ni shida kuipata sasa, utapata iliyotumika. Mpya ya sasa ya aina hiyo ni L8160. Mashine safi sana, lakini bei yake kaka ujipange.

Mama Mdogo Salma: Huku Muscat nikiulizia L8160 nitaipata? Anakuja mtu mwezi ujao na kontena.

Kombo: Mama mdogo, huko zinauzwa kwa majina hayahaya ya L, na plagi ni ya pini tatu kama yetu. Tatizo ni hitma tu, kontena halitawahi.

Rehema: Na Ulaya je? Rafiki yangu yuko Uingereza anarudi wiki ijayo.

Kombo: Kule zipo Canon TS8350 na Epson XP-7100, zote zinachapa, zinaskani na zina trei ya CD. Ila ni za katriji ndogondogo. Katriji moja ikiisha huku kwetu, mashine inakaa kama pambo. Kwa mtu wa Tanga mimi nasema wino wa chupa.

Mjomba Hamisi: Mkwe, kwani wewe usiwachapie tu kwa hiyo yako hapo Dar?

Kombo: Mimi niko tayari hata leo, Mjomba. Picha ndizo zilizoko Pangani.

Mama: Albamu haitoki. Bibi kasema yeyote anayeitaka aje nayo hiyo mashine nyumbani.

Abuu: Mjomba, tena mimi napiga video za harusi, kila bwana harusi anataka DVD yenye picha yao. Nimekuwa nikiandika kwa kalamu. Mashine hii nitaifanyia kazi miaka. Nimeweka akiba, nimepungukiwa kidogo tu.

Mama Mdogo Salma: Kilichopungua niambie faraghani. Hiyo ni sadaka yangu kwa baba yangu.

Mjomba Hamisi: Na mimi nimo.

JUMATATU

Abuu: Nimeipata L850! Studio moja ya picha hapa mjini wanabadilisha kazi. Niko mbele yake sasa hivi. Shemeji upo?

Kombo: Nipo. Usitoe hela bado. Trei?

Abuu: [picha]

Kombo: Hiyo ni trei ya kadi za PVC, ona ina vidirisha viwili vya mstatili. Waulize ya CD.

Abuu: Wanasema labda ilipotea.

Kombo: Waambie utasubiri. Watafute stoo.

Abuu: Dakika 20 sasa. Kijana kaingia stoo mara mbili.

Abuu: Imepatikana! Ilikuwa chini ya maboksi ya fremu. Ina vumbi lakini haijavunjika.

Kombo: Alhamdulillah. Ifute kwa kitambaa kikavu. Sasa chapa ukaguzi wa hedi, yaani kichwa kinachotoa wino, upo kwenye menyu ya matengenezo. Nitumie picha.

Abuu: [picha]

Kombo: Ile waridi nyepesi imekatikakatika. Hiyo ndiyo rangi ya ngozi za watu, bila hiyo Babu atatoka wa kijani. Safisha hedi mara moja, chapa tena.

Abuu: Bado mistari miwili haijatoka.

Kombo: Mara ya pili. Ikigoma, iache ikae kwanza, usiisafishe mfululizo. Kila ukisafisha wino unaenda kwenye sponji ya wino mchafu, na sponji ikijaa mashine inajifunga.

Abuu: [picha] Imetoka yote!

Kombo: Lipa. Na kabla hujaibeba, pembeni ya tangi la wino kuna kitufe cha kufungia wino wakati wa safari. Kizungushe kifunge. Mashine ikae wima njia nzima, usiilaze hata kidogo. Ukifika kumbuka kukifungua, la sivyo itachapa hewa na hedi iharibike.

Abuu: Nimeipakata mapajani kwenye gari la Pangani. Abiria wote wananiuliza ni nini.

Mama: Nimeshaweka wali jikoni. Njoo salama.

JUMATANO

Abuu: Tumeanza. Picha ya korona ni ndogo kama ya pasipoti, upana sentimita 3 na nusu. Nimeskani kwa nukta 300 kwa inchi, ikikuzwa kwenye CD sura ya Babu inakuwa ukungu.

Kombo: Skani kwa 1200. CD ina sentimita 12, picha yako inabidi ikuzwe zaidi ya mara tatu. Ukiskani 300 hakuna cha kukuza.

Abuu: SubhanAllah. Sasa naona mpaka kifungo cha shati lake kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine.

Mama: Uzi huo alishona Bibi. Kamwambia kila mtu leo.

Mjomba Hamisi: Ile kanda ya dakika 90 umeiwekaje? Nilimnunulia mimi huku Mombasa nikampelekea.

Abuu: Hiyo ndiyo ya bahari, Mjomba. CD ya sauti inachukua dakika 80 tu. Ningeiweka kwa MP3 ingeenea, lakini redio ya Bibi haisomi MP3. Kwa hiyo nimeigawa CD mbili, nimekata pale adhana inaposikika nyuma yake na yeye ananyamaza. Ya kwanza jahazi limetweka tanga, ya pili jahazi limetia nanga. Bibi mwenyewe kachagua.

Mjomba Hamisi: Vizuri sana. Zitakuwa 7 basi.

Salum: Kaka, CD nyeupe hizo za kuchapia umezipata wapi? Mimi naona zinazong'aa tu madukani.

Abuu: Rehema kanitumia kutoka Dar. Kwenye boksi lazima pawe na neno printable, na uso wake ni mweupe usiong'aa kama karatasi. Zile za kung'aa wino hauingii, unafutika kwa kidole.

Abuu: Shemeji, ya kwanza imetoka na duara kubwa jeupe katikati, limekula kofia ya Babu!

Kombo: Programu ya Epson Print CD imepangwa tundu la ndani milimita 43. Lete mpaka 23, CD zako zimepakwa nyeupe mpaka karibu na tundu. Nje acha 116. Umeshachoma data kwanza?

Abuu: Nimechoma zote jana, nikazisikiliza moja moja mpaka mwisho. Ndipo nachapa.

Kombo: Hivyohivyo. Ukichapa kwanza, vumbi na alama za vidole vinaweza kuharibu kuchoma.

Abuu: [picha]

Rehema: Babu huyo jamani.

Mama Mdogo Salma: Nimeiweka mbele yangu, nashindwa kuandika.

Kombo: Kofia imerudi. Sasa ziache zikauke saa 24, kivulini, mbali na maji. Mtu asizipange moja juu ya nyingine.

Mama: Nimezitandika juu ya kabati ya vyombo, nimefunga mlango wa chumba. Bibi kila saa anauliza zimekauka.

ALHAMISI

Mama: Saa kumi na nusu tumemfungulia. Zote 7 nimezitandaza kwenye mkeka. Kaziinamia, kapitisha kidole kila picha. Kachukua ya korona. Nilinyoosha mkono nimsaidie, kanikataza. Kaiweka mwenyewe kwenye redio.

Mjomba Hamisi: Kasemaje?

Mama: Hajasema. Bado anasikiliza. Pale Babu anapoagiza maji, kanyanyuka kumletea, halafu kakaa.

Mama Mdogo Salma: Ya Rabbi.

Abuu: Mama, akimaliza uirudishe kwenye kava yake. Kesho nachapa nakala za kila nyumba, nitumieni idadi.

Mjomba Hamisi: Mombasa seti tatu.

Mama Mdogo Salma: Muscat mbili. Ya mkonge moja ya ziada, ya kuweka tu ukutani.